Mwanangu akiingia seminari ndogo, ni lazima awe padre?

Mama mmoja mkulima wa kahawa kutoka Mbinga ameniandikia hivi:

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu. Mimi ni mjane. Mtoto wangu wa kiume ni mmoja tu, ana miaka 14, wengine watatu ni wasichana. Amefaulu mtihani na usaili wa seminari ndogo, na yeye mwenyewe anataka kwenda. Wadogo zake marehemu wamenijia juu. Wanasema nalizima jina la kaka yao, kwamba mtoto akishaingia kule ni wa Kanisa, hataoa. Wengine wananiambia kule wanafukuza, atanirudia na aibu. Serikali nayo imempangia shule ya kata ambako hakuna ada. Nifanyeje? Na hivi vitu vya kwenye fomu, jembe, ndoo, rimu mbili, vyote ni lazima?"

Milele amina, mama. Pole kwa kuondokewa na mwenzako, na hongera kwa kijana. Usaili wa seminari haupitwi kwa bahati.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Seminari ndogo ni sekondari ya bweni ya Kanisa Katoliki kwa wavulana wanaofikiria upadre, na hapana, hatalazimika kuwa padre. Wala hawi "wa Kanisa" kwa maana wanayoisema shemeji zako. Anabaki mwanao, ukiona vema kumtoa unamtoa, na yeye akiona imetosha anasema imetosha. Haya nimeyaona kwa pande mbili. Niliingia seminari nikiwa na umri kama wa mwanao, nikaondoka baada ya kidato cha nne, na baadaye nikarudi nikiwa mwalimu mlei wa hisabati. Nimefundisha seminari mbili kwa jumla ya miaka 26 hadi nilipostaafu. Nina mke na watoto wanne. Kati ya vijana tulioanza pamoja kidato cha kwanza, waliofika upadre nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengine ni madaktari, walimu, wafanyabiashara; yupo na dereva wa malori ya masafa, na huyo ndiye anayetukusanya kila mwenzetu anapopata msiba.

Neno lenyewe seminari limetoka kwenye Kilatini, na maana yake ni kitalu. Wewe wa Mbinga sina haja ya kukufundisha kitalu ni nini: mche unakaa kivulini, unamwagiliwa kwa kipimo, kisha unapunguziwa kivuli kidogo kidogo mpaka uzoee jua, ndipo unapelekwa shambani. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulipoagiza shule hizi mwaka 1563, wazo lilikuwa hilo hilo. Ila mfano huu una mwisho wake. Mche wa kahawa ukitoka kitaluni hauna namna isipokuwa kuwa mbuni. Mtoto anayo namna nyingine, na Kanisa limeliandika jambo hilo. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965 kuhusu malezi ya mapadre inaagiza kwamba masomo ya seminari ndogo yapangwe kiasi kwamba kijana akichagua maisha mengine aweze kuyaendeleza mahali pengine bila shida. Ndiyo maana mwanao atafuata mtaala ule ule wa Serikali, atafanya mitihani ile ile ya Taifa ya kidato cha pili na cha nne, na cheti chake kitatoka Baraza la Mitihani kama cha mtoto wa shule nyingine yoyote.

Ukikaa na shemeji zako, wafanyie hesabu. Mtoto ana miaka 14. Akimaliza kidato cha nne atakuwa na 18, cha sita yapata 20. Hapo bado hajaingia hata seminari kuu, wanakoandaliwa mapadre wenyewe. Akitaka kuendelea ataomba upya, atapita mwaka wa malezi, kisha falsafa, kisha theolojia miaka minne, na katikati yake mwaka wa kichungaji parokiani. Sheria ya Kanisa hairuhusu mtu kupewa upadre kabla ya kutimiza miaka 25, na kwa kawaida huku kwetu wanaufikia wakiwa wamevuka hapo. Sheria hiyo hiyo inakataza mtu yeyote kumlazimisha mwingine, kwa njia yoyote ile, apokee daraja takatifu. Kabla ya ushemasi, daraja linalotangulia upadre, kijana anatakiwa kuandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba anaupokea kwa hiari na kwa uhuru. Kwa hiyo shemeji zako wanagombania harusi ya mtu ambaye ana miaka zaidi ya kumi ya kubadili mawazo, na atakayebadili mawazo hayo ni yeye, si wewe wala wao.

Waambie pia, kwa upole, kwamba kuna watu wakubwa wa nchi hii waliopita seminarini na kuoa. Marehemu Benjamin Mkapa, Rais wetu kuanzia 1995 hadi 2005, alisoma seminari ya Kigonsera, hapo hapo kwenu, kabla ya sekondari ya Pugu na chuo cha Makerere. Aliyeendelea naye yupo: marehemu Laurean Rugambwa wa seminari ya Rubya, ambaye mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Wote wawili walikuwa watoto wa seminari ndogo, na hakuna kati yao aliyeipotezea seminari muda wake.

Hata hivyo naomba nikwambie jambo ambalo wazazi wengi hawapendi kulisikia. Baada ya Azimio la Arusha, kwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, Serikali ilizichukua sekondari za misheni. Pugu yenyewe, alikofundisha Mwalimu Nyerere, ikawa ya umma. Seminari hazikuguswa. Tangu hapo Wakatoliki wengi wakaziona seminari kama mahali palipobaki pa kusomesha mtoto chini ya mapadre, na wakaanza kuwafundisha watoto la kujibu kwenye usaili: "Sema unataka kuwa padre, basi." Nimeshuhudia mtoto akilikariri jibu hilo mbele yetu huku macho yake yanaangalia dirishani alikosimama baba yake. Usimfanyie hivyo wako. Walezi hawahitaji mtoto wa miaka 14 awe na hakika ya wito. Mimi binafsi mtoto mwenye hakika sana katika umri ule alikuwa ananitia wasiwasi. Wanachohitaji ni nia njema na ukweli. "Nampenda paroko wetu anavyowatembelea wagonjwa, nami nataka kujaribu" ni jibu zima, halina upungufu.

Sasa maisha yenyewe, ili ujue unampeleka wapi. Seminari nyingi zinafanana. Kengele inalia saa kumi na moja au kumi na moja na nusu alfajiri. Maji ya baridi, sala ya asubuhi, tafakari kidogo, Misa. Kisha usafi wa mazingira na uji, na saa mbili kasoro wako darasani. Mchana ugali na maharage, na nisikudanganye, ni ugali na maharage siku nyingi sana. Nyama ina siku yake na watoto wanaijua kuliko kalenda. Alasiri ni kazi za mikono au michezo: kulima, kukata majani ya ng'ombe, kufagia banda la nguruwe, kubeba kuni. Jioni rozari, chakula, prepo ya usiku, yaani kujisomea, kwa saa mbili hivi, sala ya kufunga siku, halafu ukimya mkuu hadi Misa ya kesho yake. Simu hakuna. Ukitaka kuzungumza naye utapitia kwa mlezi, na kuna siku za kutembelewa.

Nataka nikae kidogo kwenye ukimya, maana ndio unaowatisha watoto na ndio ninaoushukuru mpaka leo. Usiku wangu wa kwanza bwenini nililala nimekumbatia ufunguo wa tranka. Baba alikuwa ameandika jina langu kwenye kifuniko kwa rangi nyeupe, na herufi ya mwisho haikuenea, ikateremka ukingoni. Taa zilipozimwa watoto wote wakanyamaza kwa mara moja, na nikasikia kitu ambacho nyumbani sikuwahi kukisikia: mvua inaanza mbali, inakuja juu ya mabati ya jiko, inapita juu ya kanisa, inatufikia. Nililia, nisiseme uongo. Lakini kufikia muhula wa pili nilikuwa nimeanza kuusubiri muda ule. Ndani yake nilijifunza kukaa na hesabu moja hadi ikakubali, na kukaa na kosa langu mwenyewe hadi nikalikiri. Watu wakiuliza kwa nini seminari zinafaulisha, wanatafuta siri kubwa. Sehemu ya jibu ni kwamba zinachuja watoto mlangoni, hilo tulikubali. Sehemu nyingine ni saa mbili za prepo kila usiku, bila redio, bila simu, miaka minne mfululizo.

Somo litakalomtesa mwanzoni si Kilatini, ingawa baadhi ya seminari bado zinakifundisha. Ni Kiingereza. Ametoka darasa la saba akisoma kila kitu kwa Kiswahili, na Januari ataambiwa kwa Kiingereza kwamba mmea unatengeneza chakula chake. Nimefundisha watoto waliokuwa wa kwanza wilayani kwao, na Machi wakapata alama 18 kati ya 100 wakadhani wamekuwa wajinga ghafla. Kama seminari ina kozi ya matayarisho kabla ya kidato cha kwanza, jitahidi aipate. Kama haina, mtafutie kamusi, na mwambie mapema kwamba ripoti ya kwanza ikija mbaya hutashangaa. Kuna shule zilizokuwa na desturi ya kumvisha kibao shingoni mtoto aliyeteleza akasema Kiswahili. Nilipigana na desturi hiyo nilipoikuta. Mtoto anajifunza lugha kwa kuisoma na kuongea bila kuogopa kuchekwa. Kibao kilikuwa kinawafundisha kunyamaza tu.

Ulisema wanakuambia kwamba kule wanafukuza. Hapa naomba unisikilize kuliko pote.

Ni kweli seminari zinachuja. Kuna wastani wa alama ambao mtoto asipoufikia haendelei, na kuna wanaoambiwa kwamba, baada ya kuwaangalia, walezi hawaoni kama maisha haya ndiyo yao. Hilo la pili mara nyingi halina kosa lolote ndani yake. Lakini mitaani yote yanaitwa kufukuzwa, na mtoto anapokelewa kama mwizi. Katika seminari moja niliyofundisha, mwisho wa muhula, kijana wa kidato cha pili aliitwa ofisini akitoka bandani. Alipewa bahasha ya kaki, mikono yake bado inanuka nguruwe, akaambiwa ampelekee baba yake. Hakuna aliyempigia mzazi. Aliibeba bahasha ile kwenye basi saa sita nzima bila kuifungua. Baba yake alipoisoma hakumsemesha kwa wiki tatu. Kijana alinieleza hayo mwenyewe miaka mingi baadaye, akiwa fundi umeme mwenye karakana yake, na bado sauti ilimkatika. Nililaumu uongozi wakati ule na naulaumu hadi leo. Barua ya namna ile haipelekwi na mtoto, mzazi anaitwa. Lakini bahasha ilikuwa ya siku moja. Wiki tatu zile zilikuwa za nyumbani.

Kwa hiyo kabla hajaondoka mwambie, mbele ya dada zake wote, kwamba siku atakaporudi, kwa likizo au moja kwa moja, kitanda chake kipo. Mwambie mara mbili. Na wewe, siku utakapompeleka, muulize gombera, yaani padre mkuu wa seminari, maswali haya bila woga: wastani ni alama ngapi? Mtoto akianza kushuka nitajulishwa lini? Akiondolewa, nitaitwa? Gombera mzuri atakuheshimu kwa kuuliza.

Kuna jambo la usalama pia, na kwa kuwa wewe ndiye baba na mama kwake, ni juu yako. Kila seminari huwa na padre ambaye kazi yake ni kuwasikiliza vijana katika mambo ya roho, wengi wanamwita baba wa kiroho. Sheria ya Kanisa inakataza kuombwa maoni ya padre huyu, au ya muungamishi, inapoamuliwa kijana abaki au aondoke. Mwanao akilijua hilo ataweza kusema yaliyo moyoni mwake bila kuogopa bahasha. Lakini mwambie na hili, kwa maneno ya wazi kama unavyoongea na mtu mzima: hakuna mtu, awe padre, mwalimu, kiranja au mwanafunzi mwenzake, mwenye ruhusa ya kumshika mwili au kumtwisha siri isiyotakiwa kufika kwa mama yake. Akikwambia neno, mwamini kwanza, uliza baadaye. Seminari nilizozipenda zaidi zilikuwa zile ambazo zenyewe zilikuwa zinawaambia wazazi hivyo.

Kuhusu ada, kwa kawaida seminari ndogo inatoza pungufu ya zile sekondari kubwa za Kikatoliki zinazotajwa kila matokeo yanapotoka, kwa sababu jimbo linachangia. Lipo pia Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1889 na mama mmoja na binti yake, Stephanie na Jeanne Bigard, ambalo mpaka leo linasaidia seminari katika nchi za misioni kama yetu. Lakini pungufu si bure, na shida yako naijua: ada inadaiwa Januari, kahawa unavuna katikati ya mwaka, na malipo ya AMCOS, chama chenu cha ushirika, yanakuja yakijisikia. Usisubiri kudaiwa. Nenda kwa mhasibu na barua ya paroko inayoeleza kipato chako, omba mpango wa kulipa kidogo Januari na sehemu kubwa baada ya msimu. Nimekaa kwenye vikao vya madeni. Aliyekuja kabla tulimsikiliza, aliyejificha ndiye aliyekuta jina la mtoto limebandikwa ubaoni. Zungumza pia na jumuiya yako ndogo ndogo. Parokia nyingi zinawachangia waseminari wao, ila hawawezi kumchangia mtu ambaye hajasema.

Shule ya kata usiidharau. Nimeona watoto wa shule za kata wakifika vyuo vikuu, na kama mwanao asingetaka seminari ningekwambia umpeleke huko kwa moyo mweupe, hiyo hela ya ada uwanunulie mabinti vitabu. Na kabla hujaamua watazame hao mabinti. Nimewahi kuona nyumba ambamo mseminari mmoja alikula karo ya dada zake wote kwa sababu tu yeye anakwenda kwa baba askofu. Kama fedha ya kumsomesha yeye inamtoa binti yako darasani, jibu langu linageuka: aende kata, na wito kama upo utamkuta huko. Seminari kuu zinapokea pia vijana waliomaliza kidato cha sita kwenye shule za kawaida.

Lakini kama mabinti wanabaki shuleni, na kijana anataka, mwache aende. Jambo moja tu kwanza: mchukue shambani, bila baba zake wadogo, bila paroko, mkiwa mnapalilia, umuulize kwa nini anataka. Usimjibu. Akisema ni kwa sababu rafiki yake anakwenda, au anapenda ile sare, si vibaya, watoto wengi tulianzia hapo, ila utajua. Akikwambia kitu ambacho hukutegemea, kihifadhi moyoni mwako, usikipeleke kwenye jumuiya.

Na akija likizo, asikae kama mgeni. Kuna kasoro moja ya seminari ambayo walezi wanaijua lakini hawawezi kuitibu peke yao: mvulana anakaa miaka minne kati ya wavulana watupu, na wengine wanatoka hawajui kuongea na msichana bila kuinamisha kichwa au kumwamrisha. Dawa yake iko kwako, una mabinti watatu. Akafue nguo zake na zao, akateke maji nao, wamkosoe. Akija kuwa padre atawasikiliza wanawake maisha yake yote, akija kuwa mume vilevile.

Sasa orodha yako. Ndiyo, vyote ni lazima, lakini si vyote lazima viwe vipya. Tranka ya kuazima inafaa, muhimu kufuli liwe zima. Chandarua usikisahau hata kama fomu haikukitaja. Rimu mbili ni za mitihani, zinakusanywa siku ya kuripoti, kwa hiyo usiziweke chini kabisa ya tranka. Ndoo iwe na mfuniko. Jembe mpe lile alilolizoea hapo nyumbani, ukalitie mpini mpya wa mti mgumu, maana majembe mapya ya dukani mpini hucheza mwezi wa kwanza na mtoto mgeni hana pa kupata kabari. Jina aliandike kwenye mpini kwa msumari wa moto, karibu na chuma. Rangi inafutika kabla ya Pasaka.